Waraka kutoka Kisumu: Mtu wa Tanga na Chemchemi ya Moto ya Homa

Waraka huu unawafikia ndugu na jamaa wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni mjini Tanga, kwa nia ya kuwaeleza hali ya mtu wa kwao aliyehamia Kisumu, na hasa mwenendo wake anapofunga safari kwenda kutazama chemchemi ya maji ya moto iliyojificha vichakani, chini ya Mlima Homa, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam. Ieleweke tangu mwanzo kwamba Kisumu ni ughaibuni. Liko kundi la wazee wa baraza linaloshikilia kwamba ughaibuni ni Maskati, London au, kwa uchache, Dubai, na kwamba mtu aliyevuka mpaka wa Horohoro kwa basi la asubuhi hajaenda ughaibuni bali amekwenda tu mahali ambako wali haupikwi kwa nazi. Hoja hiyo inapingwa hapa kwa ushahidi wa pasi iliyogongwa muhuri, kwa ushahidi wa noti zenye sura nyingine, na zaidi kwa ushahidi wa mazungumzo, maana mtu anayetamka "uniwie radhi ndugu yangu, nilikuwa naomba maji ya kunywa" katika mkahawa wa Kisumu hutazamwa kwa huruma, kisha mhudumu humuuliza taratibu kama amefiwa. Inashangaza zaidi kwamba wazee hao hao, ikifika zamu ya kuagiza simu na viatu, huikubali Kisumu kuwa ughaibuni bila mjadala wowote.

Kisumu, kwa wasioijua, ni mji wa bandari usio na bahari. Umekaa kwenye kona ya mashariki ya Ghuba ya Winam, ambayo ni mkono wa Ziwa Victoria ulioingia ndani ya Kenya, kiasi cha meta 1,130 juu ya usawa wa bahari; reli ya kutoka Mombasa ilifika hapo Desemba 1901, wakati huo mahali penyewe pakiitwa Port Florence, na tangu hapo wageni wa Pwani hawajakoma kuwasili, kila mmoja akiwa na yakini kwamba mambo ya maji anayajua. Yakini hiyo haidumu. Siku za mwanzo mgeni huonekana ufukweni Dunga amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akingoja maji yapwe, kwa sababu kwao kila ufuko una saa yake ya kujaa na saa yake ya kupwa. Jua huzama, maji yako palepale, na akina mama wanaoanua omena, yaani dagaa wa ziwani, hawaelewi mtu huyu anachungulia nini. Kisha huyaonja. Hayana chumvi. Akishalikubali jambo hilo hujitetea kwa takwimu, akimweleza kila anayemsikiliza kwamba karibu nusu ya ziwa hili, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800, iko Tanzania, na kwamba Kenya imeangukiwa na asilimia 6 hivi tu, kwa hiyo, kwa hesabu ya eneo, yeye ndiye mwenyeji na wengine ndio wageni. Hoja hii husikilizwa kwa adabu na haijapata kumpunguzia mtu yeyote bei ya samaki.

Chumvi aliyoikosa ziwani huja kuikuta sokoni. Katika soko la Kibuye, ambalo Jumapili hufurika hadi barabarani, akina mama hupanga mboga za kienyeji kwa mafungu: akeyo, ambayo Tanga ni mgagani, osuga, ambayo ni mnavu, na apoth, ambayo si nyingine bali mlenda. Pembeni ya mafungu hayo huwapo fungu jingine la kitu chenye rangi ya kijivu iliyofifia, nusu unga nusu mabonge, kinachoitwa bala. Bala ni magadi, yaani chumvi ya asili yenye sodiamu na kaboneti, ambayo hutiwa kidogo katika sufuria ili mboga ngumu ilainike upesi. Kinachotokea ni kwamba magadi huzilegeza kuta za seli za jani na kuisaidia rangi ya kijani isififie, ijapokuwa yakizidi huharibu vitamini na kuipa mboga ladha ya sabuni ya mche. Ng'ombe nao huyalamba kwa furaha, na wajawazito huyatamani, hapohapo sokoni wakiwa na hiari nyingine ya odowa, lile jiwe laini la kutafuna ambalo Tanzania lina ndugu yake katika udongo wa kula. Mgeni akiuliza bala inatoka wapi, mama muuzaji humjibu kwamba inatoka Homa, "huko maji inachemka yenyewe". Mtu wa Tanga, badala ya kustaajabu kwanza, husahihisha kwanza: "Yanachemka, mama. Maji yanachemka." Fungu hupanda bei kwa shilingi kumi, na utafiti huanza.

Kabla ya kuieleza safari yafaa kueleza maji hayo yanachemshwa na nani. Chemchemi ya moto ni mahali ambapo maji ya mvua, baada ya kupenya ardhini kupitia nyufa na kushuka hadi kwenye miamba yenye joto, hurudi juu kabla hayajapoa. Hivyo basi huhitaji vitu vitatu, yaani mvua, nyufa na moto wa chini, na Homa imejaliwa vyote. Nyufa zinatokana na Bonde la Ufa la Nyanza, tawi linalochepuka kutoka Bonde la Ufa kubwa la Kenya na kuelekea magharibi hadi kuikumbatia Ghuba ya Winam. Moto ni urithi wa Mlima Homa wenyewe, wenye kimo cha meta 1,751, ambao ni mabaki ya volkano ya aina adimu inayoitwa kabonatiti: volkano nyingi hutoa mawe yaliyojaa silika, lakini hii ilitoa mawe yaliyojaa kaboneti, jamaa wa chokaa na magadi. Volkano ya namna hiyo inayoendelea kulipuka hadi leo ni moja tu duniani, nayo ni Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Mtu wa Tanga akifikishwa kwenye sentensi hiyo huomba irudiwe, tena kwa sauti, na ikiwezekana mbele ya wale waliomshangaa Dunga.

Maji yanayopita katika mawe hayo hutoka yakiwa yamebeba sodiamu na bikaboneti, na yakifika juani hukauka na kuacha utando mweupe juu ya mawe na udongo, ambao ndio bala yenyewe ikiwa bado haijapata mnunuzi. Chemchemi za kuzunguka mlima ni kadhaa, zikiwamo Abundu, Kakdhimu na ile inayoitwa Bala kwa kutaja bidhaa yake bila kuzunguka, na wataalamu wa jotoardhi, yaani nishati ya mvuke wa chini ya ardhi, wameiweka Homa katika orodha ya maeneo ya Kenya yenye dalili za kufaa. Ikumbukwe pia kwamba si kila povu ni la kuchemka, kwa sababu mengine ni gesi ya kaboni dioksidi inayojitafutia njia, na kwamba katika mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, si 100 kama Tanga. Mgeni aliyekuwa akijisifu kwamba amezaliwa mahali pa joto kuliko Kisumu hupata hapa uthibitisho wa kisayansi, na hautamsaidia chochote.

Njia ya kwenda huko hutoka Kisumu hadi Ahero, penye mashamba ya mpunga yanayomfariji mtu wa Pwani kwa muda mfupi, hukata kusini hadi Katito, kisha hushika magharibi kuelekea Kendu Bay ikivuka Mto Sondu Miriu. Sehemu ya kwanza husafiriwa kwa matatu, ambayo ndiyo daladala ya Kenya, na haina la kusimulia. Sehemu za mbele ni milki ya Probox. Probox ni gari dogo la Kijapani lililotengenezwa kwa ajili ya wafanyabiashara wenye mzigo mwepesi, lakini katika nchi hii ya ziwa limepandishwa cheo likawa basi: watu wanne hubanana kiti cha nyuma, watatu hukunjwa buti pamoja na kuku na mitungi ya maziwa, wawili hushirikiana kiti cha mbele, na mmoja, ambaye hadhi yake haijafafanuliwa na sheria yoyote, hukaa kati ya dereva na mlango wa dereva, ameegemea dirishani, huku dereva akiendesha akiwa amekaa nusu kiti na kubadilisha gia kwenye goti la mtu mwingine. Anayekalia nafasi hiyo hutarajiwa kuinama panapotokea askari wa barabarani. Mtu wa Tanga, akiwa mrefu na asiyejua, hupewa nafasi hiyo kama heshima ya mgeni.

Ugumu huongezeka kwa sababu ya mayai. Imekuwa desturi ya wageni wa chemchemi za moto, kuanzia Japani hadi Iceland, kuchemsha mayai ndani ya maji ya asili, na mtu wa Tanga, akiwa ameisikia desturi hiyo, huondoka Kisumu na trei ya mayai iliyofungwa kwa kamba ya manila, ambayo huipakata mapajani katika mashimo yote kutoka Katito. Abiria wenzake humtazama kwa kitambo. Hatimaye mmoja wao, kwa kawaida mwalimu mstaafu aliyekunjwa buti, huuliza kwa upole: "Ndugu, unapeleka mayai Homa?" Akijibiwa ndiyo, hukaa kimya kwa heshima, kisha huongeza kwamba Homa kuna kuku. Gari zima hucheka, akiwamo dereva, na kwa kuwa dereva hacheki ila kwa mwili mzima, Probox nalo hupepesuka hadi ukingoni mwa barabara.

Kendu Bay humchelewesha mgeni kuliko ilivyopangwa, kwa sababu ni mji wa zamani wa meli na biashara wenye msikiti mkongwe na Waislamu wa vizazi vingi, na mtu wa Pwani akishaitikiwa salamu yake kikamilifu, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, huwa mgumu kuondoka. Karibu na hapo pana Simbi Nyaima, ziwa dogo la duara lenye maji ya magadi mazito na ya kijani, ambamo flamingo, au heroe kama wanavyoitwa vitabuni, huja kula mwani. Wanajiolojia husema ni shimo lililofumuka pale moto wa volkano ulipokutana na maji ya chini ya ardhi. Wajaluo husimulia kwamba palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu wakiwa katika pombe na ngoma aliwajia bikizee mgeni akiomba chakula na mahali pa kulala, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkirimu, naye akaambiwa aondoke upesi, kisha maji yakafurika na kukimeza kijiji pamoja na sherehe yake. Mtu wa Tanga huyasikiliza masimulizi haya kwa makini kuliko maelezo ya kijiolojia, na kuanzia hapo hubisha hodi katika boma lolote la Karachuonyo, yaani nchi hiyo ya Kendu Bay, kwa sauti ya mtu anayezijua haki zake. Hulishwa, tena vizuri, kuon na samaki wa kupika, kuon ikiwa ni ugali mgumu unaokatika kwa kisu. Haijathibitika bado kama ni kwa hofu ya gharika au kwa ukarimu wa kawaida tu wa watu hao, lakini dalili zote ni za ukarimu, kwa kuwa hakuna mwenyeji aliyewahi kuonekana akitazama mawingu.

Kutoka barabara kuu hadi chemchemi husafiriwa kwa bodaboda, na baadaye kwa miguu, na hapo ndipo mgeni hupotea. Hakuna kibao. Kila anayeulizwa hunyoosha mdomo kuelekea vichakani na kusema "hapo tu", kipimo ambacho kinaweza kuwa hatua hamsini au asubuhi nzima. Hata hivyo kupotea katika eneo hili kuna heshima yake ya kitaaluma, na mgeni hana sababu ya kuona haya. Mwaka 1932 mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alipata huko Kanam, chini ya mlima huuhuu, kipande cha taya ambacho alikitangaza kuwa cha binadamu wa kale mno, na akachomeka vigingi vya chuma ili mahali penyewe pasisahaulike. Mwaka 1935 profesa wa jiolojia kutoka London, Percy Boswell, alifunga safari hadi hapo aonyeshwe, na Leakey hakuweza kumwonyesha: vigingi havikuwapo, kwa kuwa, kwa maelezo ya Leakey mwenyewe, wenyeji walikuwa wameving'oa kwa matumizi yao ya uvuvi, na picha aliyokuwa ameitegemea ikaonekana ni ya mahali pengine. Boswell alirudi Uingereza akaandika makala kali katika jarida la Nature, na jina la Leakey likachafuka kwa miaka mingi. Historia ya sayansi imelihesabu tukio hilo kuwa hasara. Historia ya uvuvi haijaulizwa maoni yake, ingawa chuma kizuri kilichokuwa kimelala bure ardhini hatimaye kilipata kazi.

Inafaa kuongeza kwamba si mbali na hapo, mahali panapoitwa Nyayanga kwenye rasi hiihii ya Homa, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwakatwa kwa zana hizo na meno mawili ya kiumbe aitwaye Parantropasi, binamu wa mbali wa binadamu. Maana yake ni kwamba wageni walikuwa wakizurura katika vichaka hivi, wakiwa na vyombo vya jikoni mikononi, muda mrefu kabla ya Tanga kuwapo. Zana zao zilikuwa na makali. Mtu wa Tanga ana trei ya mayai.

Chemchemi yenyewe hujitambulisha kwa miguu kabla ya macho. Kijia hupita kati ya migunga na vichaka vya miiba, mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma wakitafuna majani ya juu, na polepole udongo chini ya ndala huanza kuwa vuguvugu, kisha moto wa kumfanya mtu abadilishe mguu wa kusimamia. Miti hupungua. Panatokea uwazi ambao nyasi zake zimekufa, ardhi imepauka kwa utando mweupe unaovunjika chini ya kisigino kwa mlio mdogo mkavu, na katikati yake maji yanabubujika kutoka kwenye nyufa za mawe, yakatiririka kwa mfereji mwembamba wenye kingo za kijani na za kahawia, yakielekea mahali palipotulia ambapo watu wenye maradhi ya ngozi huja kuoga yakishapoa kidogo. Asubuhi na mapema mvuke huonekana. Saa sita mchana hauonekani, nao ndio wakati wa hatari, kwa sababu maji ya moto yasiyofuka moshi hayatofautiani kwa sura na maji ya kunawa, na mgeni mwenye udhu wa kutia ndiye hasa anayestahili kuonywa.

Huko hakuna mtu anayestaajabu. Akina mama wameinama na majembe mafupi na sahani za bati, wanakwangua utando, wanauchekecha kwa vidole kuondoa vijiti na kokoto, wanaumwaga juu ya magunia yaliyokatwa ukauke, na wanazungumza mambo ya karo za shule. Mgeni hufika na adabu zake zote, humwendea aliye mkubwa kwa umri, huinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mama." Mama huinua uso, hufikiri kidogo, na hujibu, "Mzuri sana." Mtu wa Tanga hubaki ameinama kwa sekunde chache zaidi akingoja marahaba yake, kama ilivyo haki ya kila aliyelelewa vyema, kisha hujinyoosha akijifanya alikuwa akiangalia ndala.

Suala zito zaidi kwa mtu wa Pwani ni la umiliki. Kwake yeye maji yanayotoka ardhini yakiwa moto bila kuni ni lazima yana mwenyewe, na mwenyewe huyo si mtu. Hata Mapango ya Amboni, huko kwao Tanga, yana chumba chake ambamo watu huacha nazi, vitambaa na ubani kwa ajili ya mizimu. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuyagusa maji, hushusha sauti na kuuliza: "Samahani mama, hapa mwenyewe ni nani?" Mama hujibu bila kusita kwamba shamba ni la shemeji yake. Mgeni hudodosa: je, huonekana? Huonekana, kila siku, isipokuwa akienda mjini Homa Bay. Je, hukasirika? Hukasirika sana watu wakikanyaga mahindi. Je, hupenda kuletewa nini? Hapo mama huitazama trei kwa mara ya kwanza kwa makini, na kusema kwamba mayai anayapenda. Kwa njia hii mayai ya Kisumu hupungua kwa idadi ambayo waraka huu hautaitaja.

Yanayobaki huchemshwa. Mama huazima mfuko wa wavu wa vitunguu, mayai hutiwa ndani yake na kuteremshwa kwenye ufa wenye moto zaidi kwa kamba ileile ya manila, na mgeni huchuchumaa akiitazama saa, huku watoto waliotoka kuchunga wakimzunguka nusu duara. Akitaka kuyatoa huambiwa, "Bado." Akingoja sana huambiwa, "Sasa umeyaua." Kisayansi, ute wa yai huanza kushikana kwenye nyuzi 60 na kidogo na kiini hufuata baadaye kidogo, kwa hiyo maji haya yana moto wa kutosha na wa ziada, lililobaki ni subira, na subira ndiyo ambayo mtu aliyesafiri ubavuni mwa dereva amekwisha kuimaliza njiani. Mayai hutoka yakiwa na ukungu mwembamba wa magadi kwenye maganda, humenyeka kwa urahisi, na hayana haja ya kutiwa chumvi. Watoto hupewa. Mmoja wao, baada ya kula, huuliza kama Tanzania hawana sufuria.

Ni hapo, na wala si kwenye mvuke, ambapo safari hii hupata maana yake kwa mwenye kufikiri. Mgeni amekuja kutazama maajabu, lakini mahali alipofika ni mahali pa kazi, pana saa zake, vyombo vyake, ubavu unaouma na bei inayoshushwa na madalali wa Kibuye, na siku hiyo kitu pekee kisicho cha kawaida katika uwazi ule ni yeye mwenyewe, mtu mzima aliyesafiri na mayai kutoka mjini kuja kuchemshia shambani kwa watu. Watalii wengi huondoka na picha za povu. Afadhali wangenunua bala, kwa kuwa fungu linalouzwa hapo ni kubwa kuliko la Kisumu na fedha zake huingia moja kwa moja kwenye mkono uliokwangua, na M-Pesa hukubaliwa hata mahali ambapo mtandao hupatikana kwa kupanda juu ya kichuguu.

Wakati wa kuagana mama huuliza swali ambalo wote huliuliza, yaani kama huko kwao mgeni hakuna maji kama haya. Jibu la kweli ni kwamba yapo. Kaskazini mwa mji wa Tanga, jirani na Mapango ya Amboni, pana chemchemi ya maji ya moto yenye salfa, madini yale yanayonuka yai viza, iitwayo Galanos kwa jina la Mgiriki mkulima wa mkonge. Lakini wengi wa Ngamiani wakisikia Galanos hufikiria shule ya sekondari, na basi la Horohoro hupita upande huohuo wa Amboni kila siku likiwa limejaa watu wanaokwenda ughaibuni kutafuta mambo ya kuandika. Uchunguzi mfupi uliofanywa kwa simu kutoka Kendu Bay ulibaini kwamba miongoni mwa jamaa waliopokea simu hakuna aliyewahi kuyatia mguu maji hayo, na kwamba mmoja alikana kabisa kuwapo kwake, ilhali shamba lake la minazi linapakana na njia ya kwendea.

Kwa hiyo jamaa wanaombwa, katika Jumamosi moja isiyo na harusi, wapande daladala za Amboni, wafike Galanos na kuandika majibu kwa ukamilifu: maji yana moto kiasi gani, nani anafanya kazi pale, anauza nini na kwa bei gani. Watakaopendelea kuja Homa wanakaribishwa pia. Wafike alfajiri mvuke ungali unaonekana, wavae viatu vyenye soli nene, wasikanyage mahindi, wanunue mayai hukohuko, na wakipandishwa Probox wakatae katakata kiti cha kando ya dereva.